Maoni Yetu: Kila Nyumba Ijue Mnara Wake

Mkazi wa Shirere ambaye televisheni yake inakatika kila jioni hana pa kuuliza. Fundi atamwambia anunue antena kubwa zaidi. Muuza ving'amuzi atamshauri abadilishe king'amuzi. Kituo cha televisheni kitasema kazi yake ni kutengeneza vipindi, na kwamba wanaovirusha ni wengine. Hao wengine hata majina yao hayajui. Mwisho wa mizunguko hiyo ametoa pesa mara mbili au tatu, na picha bado inaganda habari zikianza.

Msimamo wetu ni huu: matangazo ya bure ya redio na televisheni ni huduma ya umma, na mnara unaoyarusha unawajibika kwa umma hata kama mwenyewe ni kampuni binafsi. Kila nyumba ina haki ya kujua inahudumiwa na mnara upi, mawimbi yake yanatarajiwa kufika kwa nguvu kiasi gani, na nani wa kuulizwa yasipofika. Mamlaka ya Mawasiliano (CA) ichapishe ramani ya mambo hayo hadi ngazi ya kijiji, na baada ya kuichapisha izibe mapengo itakayoyaonyesha.

Shirere ni wadi ya eneo bunge la Lurambi, mjini Kakamega. Huku kwetu ni nchi ya miinuko na mabonde, yenye mikaratusi mirefu kila upande. Mashariki kuna msitu wa Kakamega, na nyuma ya msitu inapanda miteremko mikali ya Nandi. Mawimbi ya FM na ya televisheni husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Mnara ni kama taa iliyotundikwa juu: aliye mbele yake anaona, na aliye nyuma ya kilima yumo gizani hata akiwa karibu. Ndiyo sababu nyumba moja hupata vituo vyote na jirani yake wa bondeni, hatua mia mbili tu kutoka hapo, hapati hata kimoja.

Hesabu yake haihitaji mhandisi. Kwenye ardhi tambarare, mnara wa mita 100 hufikisha mawimbi umbali wa kilomita 41 hivi kabla ardhi yenyewe haijajipinda na kuyakinga. Antena ya nyumbani iliyoinuliwa mita 9 huongeza kilomita 12. Ukitaka mnara ufike mbali mara mbili, lazima urefu wake uongezwe mara nne. Kwa hiyo minara husimikwa vilimani, kwani kilima ni urefu wa bure. Na hata mnara ukiwa na nguvu namna gani, mabonde hautayamaliza. Bonde hutibiwa kwa mtambo mdogo unaopokea mawimbi ya mnara mkubwa na kuyarusha upya kwa wale waliokingwa. Mafundi wa utangazaji wanalijua jambo hili tangu zamani. Kinachokosekana ni mtu wa kuamrishwa alifanye.

Wazee wa Kakamega hawakuwa na shida hii, na ni vizuri tujue kwa nini. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilifungua vituo vya redio vya kimaeneo: Sauti ya Mvita kule Mombasa, kimoja Nyeri, na kingine Kisumu kwa ajili ya watu wa upande huu wa ziwa. Redio ya wakati huo ilitumia masafa ya kati, ambayo mawimbi yake hutambaa na ardhi na kuinama juu ya vilima. Mtambo mmoja wa masafa ya kati, kama ule wa Shirika la Utangazaji Kenya (KBC) ulioko Nyamninia, kaunti ya Siaya, unaweza kuhudumia eneo ambalo FM ingelihitaji minara mingi. Sauti yake si safi kama ya FM, na unakula umeme mwingi, lakini haumwachi mtu kwa sababu ya bonde lake.

Televisheni ilikuwa na kasoro hiyo tangu siku ya kwanza. Ilipoanza nchini mwaka 1962, mitambo yake ilikuwa kwenye nyumba ya shamba huko Limuru, na mawimbi yalifika kilomita 24 tu. Tangu hapo, historia ya televisheni ya Kenya imekuwa historia ya minara: nani amefikiwa na nani bado anangoja.

Kisha ikaja dijitali. Katika mkataba uliofikiwa Geneva mwaka 2006, nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati ziliweka Juni 17, 2015 kuwa siku ya mwisho ya kulinda matangazo ya analojia. Kenya ilitii, kwa vurugu nyingi. Februari 2015 mitambo ya analojia ya Nairobi ilipozimwa, Citizen, KTN, NTV na QTV vilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu, wenye vituo wakivutana na CA kuhusu nani atasambaza mawimbi yao. Ugomvi ulipoisha, nchi ilijikuta na wasambazaji watatu: Signet, ambayo ni tawi la KBC; PANG, kampuni yenye asili ya China; na ADN, iliyoundwa na mashirika ya Nation, Standard na Royal Media.

Hatuipingi dijitali. Masafa yaliyokuwa yakibeba kituo kimoja sasa hubeba zaidi ya kumi, na ndiyo maana leo hata kituo kidogo kinaweza kuonekana nchi nzima. Lakini mabadiliko yale yalimhamishia mwananchi mzigo bila kumpa habari. Alinunua king'amuzi kwa pesa zake. Hakuna aliyemwambia ni mnara gani wa kuelekezea antena. Na pale ambapo wasambazaji wamesimika minara yao kwenye vilima tofauti, antena ikielekezwa huku hupoteza vituo vya kule.

Zaidi ya hayo, dijitali haina huruma kwa anayeishi mbali na mnara. Picha ya analojia ikidhoofu ilijaa chenga, lakini sauti iliendelea na mtu alifuata habari mpaka mwisho. Ya dijitali ikidhoofu huvunjika vipande vipande, sauti ikakatika katikati ya neno, kisha kioo kikawa cheusi na maandishi ya kusema hakuna mawimbi. Aliyekuwa akipata picha mbaya kabla ya 2015 anaweza kuwa leo hapati kitu. Huyo hahesabiwi popote, kwa sababu takwimu rasmi humhesabu kwa eneo lake, wala si kwa nyumba yake.

Matokeo yake tunayaona jioni. Saa moja kasorobo, taarifa ya habari inakaribia, na kijana yuko nyuma ya nyumba akizungusha polepole mlingoti wa mkaratusi wenye antena juu. Bibi yake, kukhu kwa Kiluhya, amesimama mlangoni, macho kwenye televisheni. "Kukhu, imeshika?" "Bado, mjukuu wangu. Rudi kidogo hivi... hapo! Imeshika, usiiguse tena!" Mlingoti unafungwa kwa waya kwenye nguzo ya ua, na mvua ya alasiri inayofuata ikija na upepo wake, kazi inaanza upya. Wenye uwezo huinua mlingoti wa chuma juu ya paa la mabati, mara nyingi bila waya wa kupeleka radi ardhini, katika sehemu ya nchi inayojulikana kwa wingi wa radi. Watu wanahatarisha maisha kutafuta mawimbi ambayo yanapaswa kuwa ya kila mtu.

Kuna watakaouliza: kwani televisheni ni nini mpaka iandikiwe tahariri? Warudi nyuma hadi Machi 2020. Shule zilifungwa kwa ajili ya korona, na watoto wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Serikali ikasema masomo yataendelea hewani, kupitia redio za KBC na televisheni ya Edu ya Taasisi ya Kukuza Mitaala. Wazo lilikuwa jema, na walimu waliofundisha mbele ya kamera walifanya kazi ya kusifiwa. Lakini mtoto wa bondeni, aliyefanya mtihani uleule na mwenzake wa mlimani, alisomeshwa na nani? Serikali ilipoyafanya mawimbi kuwa darasa, ilikiri kwamba mnara ni sehemu ya shule. Baada ya shule kufunguliwa, kukiri huko kukasahauliwa.

Au tutazame mafuriko. Mto Nzoia unaopita katika kaunti yetu huenda kumwaga hasira zake Budalangi, kaunti ya Busia. Huko Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilisaidia kuanzisha Bulala FM, redio ndogo ya kijamii ambayo kazi yake mojawapo ni kuwaonya wakazi kwa lugha yao kabla maji hayajafika. Redio za namna hiyo ziko pia Kangema, Kwale na Suswa. Hazina studio za kifahari wala minara mirefu. Ziko karibu na watu, na hilo linatosha. Zinathibitisha kwamba mnara mdogo uliowekwa mahali pake unaokoa maisha, na kwamba taasisi ya serikali inaweza kuusimika ikiamua.

Na kuna mambo ya kila siku ambayo hayaandikwi kwenye ripoti. Katika Magharibi, redio za Kiluhya kama Mulembe FM na Ingo FM ya KBC ndizo zinazobeba matangazo ya vifo na ratiba za mazishi, bei za mahindi, na mashauri ya kilimo. Kukhu asiyesoma gazeti hujua kupitia redio kwamba jamaa wa mbali amefariki na mazishi ni Jumamosi. Redio yake ikikosa mawimbi, anakosa mazishi. Anayedhani hilo ni jambo dogo hajaishi kwetu.

Jibu tunalolisikia kutoka ofisini Nairobi ni kwamba kila mtu sasa ana simu, na intaneti itamaliza tatizo lenyewe. Hatulikubali. Kutazama taarifa ya habari kwa simu kunakula bando, na bando ni pesa ya unga. Tangazo la hewani halilipiwi kila unapolitazama, na watazamaji wakiongezeka halipungui kasi. Simu hulemewa saa ileile ambayo kila mtu anapiga, yaani saa ya hatari. Agosti 25, 2023 umeme ulipopotea karibu nchi nzima, mwenye redio ya betri alikuwa na njia ya kujua kinachoendelea bila kuhangaikia chaji wala bando. Intaneti ni nyongeza nzuri. Kuitegemea peke yake ni kumwacha nyuma mwenye kipato kidogo na mzee asiyejua kutumia simu ya kugusa.

Mawimbi yana adui mwingine zaidi ya vilima, naye ni mkono unaozima swichi. Desemba 30, 2007, nchi ikiwa inawaka kwa ghasia za uchaguzi, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Januari 30, 2018, siku ya kiapo cha kiongozi wa upinzani Raila Odinga katika bustani ya Uhuru, Citizen, NTV na KTN vilizimwa, na vikaendelea kuzimwa kwa siku kadhaa hata baada ya Mahakama Kuu kuamuru virudishwe. Juni 25, 2025, vijana wakiwa barabarani kukumbuka waliouawa katika maandamano ya mwaka uliotangulia, CA iliamuru vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na mawimbi ya vituo vilivyokaidi yakakatwa. Mahakama Kuu ilisimamisha amri hiyo siku hiyohiyo.

Kila mara sababu iliyotolewa ilikuwa usalama. Hatusemi vyombo vya habari havikosei. Mwaka 2007 na 2008 kulikuwa na maneno redioni yaliyowasha chuki, na waliosema walistahili kujibu. Lakini aliyekosa apelekwe mahakamani kwa jina lake. Mnara ukizimwa huwaadhibu mamilioni ambao hawakusema lolote, na huwaacha mikononi mwa uvumi wakati wanapohitaji ukweli zaidi. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kimeutaja usambazaji wa mawimbi waziwazi: leseni zake zisimamiwe kwa taratibu zisizoingiliwa na serikali, wanasiasa wala wafanyabiashara. Waandishi wa Katiba walijua kwamba anayeshika mnara anashika mdomo wa nchi.

Ndiyo maana tunasema mambo haya mawili ni jambo moja. Mwananchi asiyefikiwa kwa sababu ya bonde na yule aliyezimiwa kwa sababu ya siasa wote wanakaa mbele ya kioo cheusi, na wote hawana wa kumuuliza. Dawa yao ni moja: mnara wenye anwani, wenye mwenyewe anayejulikana, na wenye sheria inayotekelezwa.

Kuna nchi zilizofanya hivi. Australia ina ukubwa wa zaidi ya mara 13 ya Kenya, na sehemu yake kubwa ni nyika isiyo na mtu. Ilikamilisha kuhamia dijitali Desemba 2013. Mwananchi wa huko huandika anwani yake kwenye tovuti ya serikali iitwayo mySwitch, akaonyeshwa ni minara gani inayofika kwake na antena aielekeze wapi. Aliye nje ya mawimbi ya minara ana njia ya setilaiti, huduma ya VAST, inayompa vituo vilevile vya bure bila ada ya kila mwezi. Na mahali ambapo mashirika makubwa hayakuona faida ya kujenga, mabaraza ya miji na jamii zenyewe ziliruhusiwa kusimika mitambo midogo ya kurudia mawimbi.

Australia nayo ilikosea, na kosa lake linatufunza. Januari 2017 shirika lake la utangazaji, ABC, lilizima redio ya masafa mafupi iliyokuwa ikisikika katika nyika za kaskazini, likisema teknolojia hiyo imepitwa na wakati. Wafugaji, wavuvi na madereva wa malori walilalamika kwamba walikokuwa hakuna kingine kinachofika. Mtambo wa zamani usizimwe kabla mpya haujafika kwa mtu wa mwisho. KBC, inapofikiria hatima ya mitambo yake ya masafa ya kati, izingatie hilo.

Kenya ina pesa za kuanzia. Hazina ya Huduma kwa Wote iliundwa kwa sheria ya mwaka 2009, na kampuni zenye leseni huichangia asilimia 0.5 ya mapato yao kila mwaka. Imejenga minara ya simu katika maeneo ambayo kampuni ziliyakimbia, na imepeleka intaneti katika shule za sekondari. Hakuna sababu ya msingi ya mitambo midogo ya redio na televisheni kuachwa nje ya hesabu hiyo. Kwa mujibu wa Katiba, utangazaji ni kazi ya serikali kuu, kwa hiyo Kaunti ya Kakamega haiwezi kutoa leseni. Lakini inaweza kutoa kiwanja kilimani, kufungua njia ya gari la mafundi na kufikisha umeme. Na chuo kikuu cha Masinde Muliro kiko hapahapa mjini: wanafunzi wake wa uhandisi, wakipewa vipimo, wanaweza kupima mawimbi ya wadi zote za Lurambi mtaa kwa mtaa.

Madai yetu ni manne.

La kwanza, CA ichapishe ramani ya mawimbi ya redio na televisheni kwa kila kijiji, kwa Kiswahili na Kiingereza, ikionyesha mnara, mwenyewe, na upande wa kuelekezea antena. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na habari hizi CA inazo, kwa sababu ndiyo inayogawa masafa.

La pili, kila msambazaji awe na nambari ya simu ya kupokea malalamiko ya mawimbi, bila malipo, na ripoti ya malalamiko hayo itolewe hadharani kila mwaka. Anayekusanya ada kutoka kwa vituo kwa kuahidi kufika Kakamega aonyeshe kwamba amefika.

La tatu, Hazina ya Huduma kwa Wote itenge fungu la mitambo midogo ya kurudia mawimbi, na leseni yake iwe nyepesi kwa kaunti, shule na vikundi vya jamii. Kila mtambo uwe na umeme wa akiba, maana mnara unaozima pamoja na taa za mji hausaidii usiku wa hatari.

La nne, Bunge litunge sheria inayosema wazi kwamba hakuna mnara wa utangazaji utakaozimwa bila amri ya mahakama, na kwamba afisa atakayeuzima kinyume na hapo atajibu yeye mwenyewe. Mahakama imekwisha kuonyesha njia mara mbili. Tusingoje mara ya tatu.

Mwakilishi wa Shirere katika Bunge la Kaunti na mbunge wa Lurambi hawahitaji bajeti mpya kuanza. Barua moja kwa CA, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ikiomba orodha ya minara inayohudumia Lurambi na maeneo isiyoyafikia, inatosha kufungua mjadala. Sheria inaipa mamlaka siku 21 za kujibu. Waiandike wiki hii, na jibu walisome hadharani mbele ya wakazi waliowachagua.